Blanchard Alipiga Nyota Photo, Michée Akaiota

Batu ya Bankoko, mutaa yetu ya Bunia, bakikuambia kama mutu wa kwanza kuona pete ya Saturne hapa kwetu alikuwa Blanchard, usibaamini. Blanchard alikuwa mwenye tiyo ya kuangalilia nyota, na mwenye kitu hatumuhesabu, sawa vile mama mwenye kupika hatumuhesabu mu bageni. Mugeni wa kwanza ni miye, Gaspard, coiffeur, mwenye kunyoa nywele. Masomo niliacha mu ya tano primaire, juu nilikuwa nimesha kuelewa yote yenye mwalimu alijua, nikaona si vizuri kumupitisha haya mbele ya batoto ya batu. Lakini macho yangu iko na diplôme.

Leo sitaki kusema juu yangu, hata kama ingekuwa habari tamu kuliko hii. Nataka kusema juu ya Blanchard, jirani yangu, mwenye anapigaka photo passeport pembeni ya salon yangu. Batu benye bamefika juzi mu avenue banasema eko na kiburi, anafungaka mulango ya parcelle na kufuli kubwa sawa mutu mwenye kuficha dhahabu. Habajue kama ule mulango, zamani, haikukuwa hata na kufuli. Ilikuwa bati moja tu, mbuzi akiisukuma na kichwa, inafunguka.

Baba ya Blanchard alikuwa photographe ya ba-creuseur kule Kilo. Alikuwa anazunguka mu mashimo ya dhahabu na appareil ku shingo, anapiga bale bijana benye matope mpaka ku masikio, kisha bo banatuma photo kwa mabibi yabo, bibi ajue kama bwana angali muzima. Blanchard alijifunza kazi pale. Wakati vita ilifika ku kijiji yabo na manyumba ikachomwa, alikimbia Bunia na mama yake, Mama Véronique, na bintu yenye alibeba ni appareil ya baba na kitambaa nyeupe ya kutandika nyuma ya mutu. Miye ningebeba sufuria ya nyama. Lakini kila mutu anakimbia na akili yake.

Balikimbia pamoja na Michée. Huyu hakuwa ndugu wa damu. Mama yake alikufa wakati eko angali ananyonya, Mama Véronique akamukamata, akanyonyesha batoto mbili pamoja, Blanchard kushoto, Michée kuume. Ndiyo maana kwabo balikuwa banaitwa mapacha ya maziwa. Balikulia ku kitanda moja, na siku bunduki ililia, balilala chini ya kile kitanda kimoja.

Hapa Bunia kila mutu alitafuta njia yake. Blanchard akapata kijumba ya kupanga hapa Bankoko, na studio yenye ukubwa ya kabati. Mama Véronique akabakia mu site ya ba-déplacés, kambi ya batu benye kukimbia vita, kule mwisho ya muji. Blanchard alimuambia mara mingi, mama, kuya tuikale pamoja mu parcelle. Mama akakataa. Bamama yote ya kijiji yake balikuwa mu site, na siku ya kurudi kwabo, kamio itapakilia batu pale. Hakutaka kamio imuache. Hiyo tu ndiyo alikuwa anawaza asubuhi na mangaribi: kurudi kulima shamba yake pembeni ya Kilo. Kwabo kulikuwa kungali moto ya vita, kila mutu alijua, na Blanchard alikuwa na woga ya kitu moja tu mu dunia, mama yake kupanda ile kamio mbele ya wakati.

Na Michée? Michée alikuwa motard, pikipiki ikakamatwa na mwenyewe. Akauzisha ba-unité ya telephone, telephone ikaibiwa. Kisha akatuambia Mungu amemuita. Nilimuuliza Mungu alimuitia ku numéro gani, juu telephone hakuwa nayo. Hakucheka. Alifungua chambre ya maombi ya ma-bâche, maturubai tu, kule pembeni ya site, na batu yake ya kwanza ilikuwa mbuzi ya jirani, yenye ilikuwa inaingia juu ya kivuli. Alikuwa na sauti nzuri, hiyo sikatai. Lakini mbuzi haitoake matoleo.

Sasa tiyo. Muzungu moja wa kilimo alikuwa anarudi kwabo, Blanchard akapiga photo ya feti yake ya kuaga, na muzungu akamupatia télescope yake yenye ilikuwa imemushinda kuingiza mu valize. Ilikuwa fupi sawa mukono ya mutu, na miguu tatu, moja imevunjika. Blanchard akaiunga na fimbo ya fagio. Akaisimamisha nyuma ya jikoni, kisha tu jua kushuka, akaielekeza ku nyota moja yenye miye ningeiita nyota ya kawaida, akaniita.

Niliangalia. Nikaona kitu kidogo, ya manjano, na pete yake pembeni, safi, sawa imechorwa na mutu wa kutengeneza bijou. Nikamuambia Blanchard, mimi si mutu wa kuchezea, umebandika karatasi mule ndani. Nikaenda mbele ya tiyo, nikaingiza kichwa nitafute ile karatasi.

Blanchard alikuwa angali anaangalia. Akasema polepole, "Gaspard, ondoa kichwa. Sasa niko naona planète ya nywele."

Vile ndivyo ilianza. Kutoka pale parcelle yake haikulala bila batu. Ukikula mapema, unakwenda kwa Blanchard. Mama Véronique alifika siku ya Mungu kutoka misa, akafunga kilemba vizuri, akaangalia Saturne, akasema iko sawa kofia ya padiri. Akauliza kama kule kuko batu. Blanchard akamujibu hakuna. Mama akasema, basi ndiyo maana kule kuko safi vile.

Na usifikiri kupiga planète photo ni sawa kupiga mutu. Mutu unamuambia asifumbe macho, anafumba, unarudilia, mwishowe anatoka. Planète haina masikio. Unaiweka katikati ya kioo, inatembea yenyewe, inatoka. Na kama mabati ya jirani ingali na joto ya muchana, ile hewa ya juu ya mabati inaitetemesha sawa feza ya chuma yenye imeanguka chini ya maji. Blanchard alikuwa anafunga telephone ku kioo ya tiyo na kauchu ya chambre à air ya baiskeli, anakamata video, kisha mu kompyuta anachagua zile picha kidogo zenye hazikutetemeka, anaziweka moja juu ya ingine mpaka sura inatoka. Na wakati eko anafanya hiyo kazi, alikuwa anasemesha planète sawa client: "Usitikisike, papa. Kidevu juu. Pumua kidogo." Tulikuwa tunakufa na kucheka.

Kisha anatoa ile photo ku karatasi, kipimo ya passeport, juu ndiyo kipimo mukasi yake ilijua, na anaibandika ku ukuta ya studio katikati ya batu. Ungeona mwanafunzi, mama mukubwa, Jupiter, askari, Saturne, bibi-arusi. Mama moja alinionyesha Jupiter akaniuliza huyu mutoto mwenye mistari ku uso anasoma masomo gani. Nikamujibu eko anasoma mbali, mu internat.

Michée alikuwa anakuya kila mara. Yeye na Blanchard balikulaka ku sahani moja, vile mama alibazoeza, hata sasa banaume benye ndevu. Siku moja mu mwezi wa kwanza, tulikuwa siye tatu ku benchi nyuma ya jikoni. Balikuwa banakula bugali na maharagi, miye nilikuwa nasaidia. Upande ya barabara ya Mambasa, fasi jua ilishukia, kulikuwa nyota mbili zenye kuwaka sana. Ya chini Vénus, ya juu Jupiter. Michée akauliza juu ya nini zinawaka kushinda ingine.

Blanchard, ukimuuliza kitu ya mbingu, anaacha kukula. Akasukuma mabaki ya bugali pembeni, akakamata maharagi mbili, akaziweka ku sahani nyeupe. "Hii ni Vénus, kila mangaribi iko inapanda. Hii ni Jupiter, kila mangaribi iko inashuka." Akazisukuma na kidole, moja kutoka chini, moja kutoka juu. "Mwanzo ya mwezi wa tatu zitakutana hapa. Utaona na macho yako, bila tiyo. Kisha kila moja itaendelea na njia yake."

Michée akauliza kama ni hakika. Blanchard akajibu hakika sawa kesho asubuhi. Michée akaangalia ile sahani muda murefu, mpaka miye nikachukua Jupiter nikaikula, juu ilikuwa inapata baridi.

Tulicheka. Michée pia alicheka.

Katikati ya mwezi wa pili, Mama Françoise alifika ku studio. Huyu ni rafiki ya Mama Véronique, bijumba yabo mu site inaegemeana. Alitaka photo. Siyo ya carte, ya kuacha kwa binti yake wa Bunia, juu eye eko anarudi kwabo. Blanchard alikuwa amesha kutandika kitambaa, akasimama na appareil mu mukono. Akamuuliza kwabo wapi. Françoise akasema kwetu, kwenu, kijijini. Hakujua? Mutumishi Michée alikuwa ameota.

Miye nilikuwa namunyoa mutu, niliacha kichwa ya mutu na povu nikasogea ku mulango.

Françoise alihadisia na furaha, uso inawaka. Mutumishi alifunga, akaomba, na mu ndoto Mungu akamuonyesha sahani nyeupe sana. Juu ya sahani kulikuwa mbegu mbili za maharagi. Moja ilikuwa inapanda, moja inashuka, mpaka zikagusana. Sauti ikamuambia, hizi ni nyota mbili, mwanzo ya mwezi wa tatu zitakutana upande ya barabara ya Mambasa, na siku ile njia ya kwenu itakuwa wazi. Chambre ya maombi haikukuwa tena na nafasi, batu balikuwa banasimama inje mu jua. Kamio ilikuwa imesha kupatikana. Bamama yote ya kijiji balikuwa banafunga mizigo.

"Mama yangu pia?" Blanchard aliuliza.

"Yeye ndiye wa kwanza kufunga," Françoise akasema. "Piga basi, niko namaliza kutabasamu."

Blanchard akapiga. Ni photo moja tu ya maisha yake yenye ilitoka ya kutetemeka.

Mangaribi ile alienda kwa Michée. Miye nilienda pia, sikualikwa, lakini nikingojeaka kualikwa ningekuwa sijafika fasi yoyote. Tulimukuta eko anapanga mabenchi. Mabenchi ya kukopa, hata ya bar moja ilikuwamo.

Blanchard hakumupa mukono. Alimuuliza, "Ile sahani ya ndoto yako, ilikuwa na bugali pembeni?"

Michée aliangalia miye, kisha chini. Akasema Mungu anasemaka na mutu kupitia kitu yenye mutu anajua.

"Nilikuambia miye. Na kidole yangu."

"Na weye nani alikuambia?"

"Batu balipima. Iko mu hesabu."

"Na bo nani alibapatia akili ya kupima? Unaona, ndugu, tunafika fasi moja."

Blanchard akaikaa ku benchi ya bar. Sauti yake ilishuka. "Michée. Kule kungali bunduki. Unajua sawa vile najua. Ulikuwa na miye chini ya kitanda."

Michée akasema bamama banakauka mu site, hakuna hata mutu moja mwenye anabaangalia, angalau sasa beko na siku ya kungojea. Blanchard akasema siku ya kungojea si siku ya kupanda kamio, na mama yabo bote mbili atapanda. Amuambie mama ukweli, mama peke yake, bale bengine aseme nabo vile anataka. Hiyo tu ndiyo alikuwa anaomba. Hata miye niliona ni bei ya chini sana.

Michée alipanguza benchi yenye ilikuwa safi. "Weye uko na studio," akasema. "Uko na tiyo. Batu banajaa kwako kila siku. Miye niko na nini?"

Ku njia ya kurudi nilijaribu kufanya joke tatu za kweli, za daraja ya juu. Blanchard hakusikia hata moja.

Asubuhi yake alienda kwa mama. Akamuelezea yote, benchi, sahani, maharagi. Mama Véronique alikuwa anakunja bulangeti. Akamusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu yenye Blanchard alinirudilia siku ile ile: "Weye uko na wivu ya ndugu yako tangu ku maziwa. Ulikuwa unamusukuma na mukono."

Sasa pale ndipo Blanchard alifanya kosa yake, na ni kosa ya photographe. Mutu wa photo anawaza kama kitu ikionekana vizuri, maneno imekwisha. Akasema: kama batu banaona mapema, kila mangaribi, vile zinakaribiana polepole, bataelewa kama ni njia tu, haiko ishara. Kisha bataona vile zinaachana, na hakuna kitu imebadilika. Akapachika karatasi ku mulango ya studio, kila mutu anaalikwa, bure. Akabandika ku ukuta photo za nyota mbili, passeport kwa passeport, kila mangaribi moja, ya leo karibu kushinda ya jana. Nilimuambia, Blanchard, batu batakuya kuona, habakuye kusikia. Lakini miye nikisema kitu ya akili, batu banangojea nicheke kwanza.

Balikuya. Kwanza ba-jirani, kisha bamama ya site, makundi na makundi. Banaangalia ndani ya tiyo, banaangalia photo, na kila moja anauliza swali moja: kweli zitakutana? Na Blanchard, mutu wa haki, anajibu ndiyo, zitakutana, siku fulani, lakini musikilize. Na bo, ku ile "ndiyo", banarudi nyumbani kufunga mizigo.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha mu muchana, na mbingu ikabakia sawa kioo ya kupanguza. Jua ikashuka. Zikatokea, moja pembeni ya ingine, juu ya mabati ya upande ya Mambasa, karibu vile ungeweza kuzifunika na kidole moja. Mu tiyo zilikuwa zinaingia zote mbili. Vénus ilikuwa nyeupe sawa jino. Jupiter ilikuwa na nyota zake ndogo pembeni, mu mustari, sawa batoto benye kufuata mama ku soko. Sijaonaka kitu muzuri vile, na miye niko na kioo mu salon.

Parcelle ilikuwa imejaa mpaka ku mukingo ya kisima. Mama Véronique alikuwa pale, na Françoise pembeni yake, bameshikana mukono. Blanchard alisimama ku kiti, akaanza kuelezea kama kesho zitaachana, kama zimesha kukutana mara mingi mbele siye tuzaliwe. Bati ya mulango ikafunguka. Haikukuwa na kufuli, nilisha kusema. Michée akaingia na batu yake nyuma, banaimba polepole.

Alipita katikati, batu banamuachia njia. Akafika ku tiyo, akaweka mukono juu yake, vile unawekaka mukono ku kichwa ya mutu wa kubatizwa. Akasema na ile sauti yake: "Ndugu yangu alikuwa haamini. Mungu amemufanya shahidi. Amepima na machine, siku kwa siku. Tumuulize eye mwenyewe." Akamugeukia. "Blanchard, zimekutana ao hazikukutana?"

Batu yote bakamugeukia Blanchard.

Miye ningedanganya. Nakuambia wazi, ningesema hazikukutana, ile ni avion. Lakini Blanchard hajui kudanganya. Alisema, "Zimekutana. Lakini..."

Ile "lakini" haikusikiwa na mutu. Vigelegele ilipanda mpaka imbwa ya avenue zikajibu. Mama Véronique akamukumbatia pale pale ku kiti, machozi inamutoka, akamuambia asante, mutoto wangu, sasa ninyi mbili munasema kitu moja.

Blanchard aliangalia Michée juu ya bega ya mama. Michée alikuwa ameinama eko anaangalia mu tiyo.

Kamio ilipakilia asubuhi. Blanchard alienda, juu mutoto haachake mama abebe matelas peke yake. Alimuomba tena, mama hakukasirika, alimupapasa shavu tu. Akapanda. Françoise alikuwa amesha kumuwekea fasi juu ya mifuko. Dereva alikuwa anawasha injini.

Sasa Mama Véronique ni mutu wa kupanga bintu. Aliona matelas yake iko juu, na anga inakunja mawingu. Akaita Michée, mwenye alikuwa chini anaombea magurudumu. "Mutoto, leta matelas yako tuiweke juu ya yangu, isilowane."

Michée akajibu batangulie, mama. Yeye anabakia kidogo, kubaombea njia.

"Matelas yako iko wapi?"

"Iko mu nyumba, mama."

"Umeifunga?"

Michée alifungua mulomo, sauti nzuri yote ile, haikutoka kitu.

Mama alimuangalia muda murefu. Sijaonaka mutu kuzeeka vile, mu muda mufupi vile. Kisha akasema na dereva, bila kupandisha sauti, "Nishushieni bintu yangu."

Tulishusha matelas, sufuria, jembe. Blanchard alimupokea mama mu mikono. Françoise aliinama kutoka juu, akasema, "Véronique, tulisema tutaenda pamoja." Mama alimuambia ashuke, ashuke naye, akamushika mpaka ku nguo. Françoise akavuta nguo yake. Binti alikuwa amesha kubakia na photo yake, jirani wengine balikuwa juu, kamio ilikuwa inatembea. Akageuza uso mbele.

Siku mbili kisha, mangaribi, Mama Véronique alikuwa ku benchi nyuma ya jikoni. Nyota mbili zilikuwa zimeachana wazi, Vénus imepita juu, Jupiter chini.

"Zimeachana," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na eye alijua?"

"Nilimuambia siku ile ile, ku sahani ile ile."

Mama akasugua mukono moja na ingine. "Upande ya kuume ndiyo ilikuwa na maziwa mingi," akasema. "Nilimupatia eye, juu alikuwa mukonda. Weye nilikuwekea kushoto."

Bale ba kamio habakufika kijijini. Balilala mu nyumba ya masomo fulani ku njia, kisha bunduki ikalia, bakarudi na miguu, mbele mvua ya ule mwaka haijaisha. Bazima, tushukuru, lakini matelas hakuna, sufuria hakuna. Na weye unafikiri balimukasirikia nani? Michée alibapokea na machozi, akabaambia siye yote tulidanganywa na ile machine. Yeye aliota tu. Photographe ndiye alihakikisha. Na kila mutu alikumbuka kwa masikio yake, Blanchard juu ya kiti: zimekutana.

Françoise alikuya ku studio, mukonda, miguu imepasuka. Hakusalimia. Alionyesha sura yake ku ukuta, ile copie yenye Blanchard alibakia nayo na kuiweka pembeni ya Vénus, akasema, "Nitoe pale." Blanchard akamutoa. Kisha, wakati amesha kwenda, akatoa na planète yote, moja moja, na kisu. Ukuta ikabakia na matundu meupe kipimo ya passeport.

Michée alifika kwangu kunyolewa, mbele ya sikukuu fulani kubwa yake. Nilimuikalisha vizuri, nikamufunga kitambaa, nikamunyoa upande ya kuume mpaka ikangaa. Kisha nikazima machine, nikamuambia courant imekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa yake. Nikamuambia, mutumishi, ngojea ishara. Alihubiri mwezi muzima na kofia. Hiyo ndiyo joke nzuri kushinda zote zenye nimefanyaka mu maisha yangu, nikakimbia kumuhadisia Blanchard, nikingojea aanguke chini.

Alikuwa anakata photo ya mutu. Hakuinua macho. Akasema, "Nywele inarudiaka."

Kufuli alinunua juma ile. Mama eko anaikaa naye sasa, anakula ku sahani yake peke yake, na tiyo ingaliko, naiona kichwa yake juu ya ukuta ya parcelle kama mbingu iko safi. Banaangalia, bo mbili. Miye pia ninaendaka. Nagonga ile bati.

"Nani?"

"Gaspard."

Anajua sauti yangu. Muji muzima unajua sauti yangu. Lakini nasikia amesimama pale nyuma, hafungue bado.

"Uko na nani?"

"Niko miye moja, Blanchard."

Nangojea. Sicheke, sifanye joke. Kisha nasikia anatafuta ufunguo.